Jinsi ya kuaga seva kabla haijakuaga

Anza siku ambayo kila kitu kinakwenda vizuri. Siku hiyo mpigie mtunza seva wenu, msalimie, uliza habari za nyumbani, kisha mtupie maswali ambayo hajawahi kuulizwa: mashine iko wapi? Nani anailipia? Jina la seva, yaani anwani yake ya intaneti, muda wake wa kulipiwa unaisha mwezi gani? Na wewe, papa, ukilazwa hospitalini leo usiku, nani mwingine ana neno la siri? Akicheka, rudia swali. Akikasirika, rudia kwa upole zaidi. Akinyamaza, umeshajua kwamba yuko peke yake.

Nazungumza na watu wa seva za jamii, zile za mtandao wa kijamii wa Mastodon na ndugu zake, zisizo na kampuni nyuma yake. Eugen Rochko, aliyeibuni Mastodon, alipoitoa mwaka 2016, alimpa kila mwenye mashine na jina la intaneti uwezo wa kufungua kijiji chake na kukaribisha majirani. Nazipenda seva hizi kwa sababu hiyo: hakuna tajiri wa mbali anayetuamulia tusome nini. Ila nyingi zinabebwa na mtu mmoja au wawili, usiku baada ya kazi, kwa pesa ya mfukoni. Mwaka 2023 mwenye mastodon.lol, iliyokuwa na maelfu ya watu, alitangaza kuwa amechoshwa na chuki na ugomvi, akafunga. Alifanya jambo moja la heshima: alitoa taarifa mwezi wa pili, akazima mwezi wa tano. Seva zinazotaka kutajwa kwenye orodha ya Mastodon yenyewe huahidi hivyo hivyo: taarifa ya miezi mitatu, nakala ya data kila siku, na angalau mtu wa pili anayeweza kuingia kwenye mashine wakati wa dharura. Mtunza seva wenu aahidi haya mbele ya watu, kwa maandishi, na muwe na shahidi mmoja mwenye sauti kubwa.

Sasa tazama herufi za mwisho za jina, zile za baada ya nukta, ambazo huweza kuwa za nchi fulani. Hapa ndipo seva hufa ghafla, mashine ikiwa nzima kabisa. Seva ya queer.af ilitumia herufi za Afghanistan kwa sababu jina lilikuwa na mzaha mzuri kwa Kiingereza. Februari 2024 wizara iliyo chini ya Taliban ikalisimamisha jina, na wenyeji wake wakajikuta hawana anwani. Miezi michache kabla yake, Julai 2023, seva ya fmhy.ml ilipoteza jina lake Mali ilipochukua usimamizi wa herufi zake kutoka kwa kampuni iliyokuwa ikizigawa bure. Kwenye mtandao huu jina ndilo mtu mwenyewe: likiondoka, waliokufuata hawana njia ya kukufikia. Sisi Wakongo hatuhitaji kufundishwa. Nchi ilibadilisha jina mwaka 1997, na mwaka 2001 herufi za .zr za Zaire zikafutwa kabisa. Leo tuko na .cd. Kwa hiyo usichague jina kwa sababu linachekesha au ni la bure. Uliza ni nchi gani inalishika, na kama ungekubali nchi hiyo ikushikie mtoto.

Kisha pakua vitu vyako. Mastodon inakuruhusu kuomba kumbukumbu yote, maandishi na picha, mara moja kila siku saba, na orodha ya unaowafuata unaichukua wakati wowote. Najua mega za intaneti ni ghali hapa Aru, mpakani na Uganda. Subiri usiku mtandao ukiwa mwepesi, weka kwenye kadi ya simu, na nakala nyingine umpe ndugu aliye Bunia au Arua. Ukihama seva, wafuasi wako wanaweza kukufuata, maandishi yako hayahami. Na wafuasi wenyewe wanahama tu kama seva ya zamani bado inapumua.

Hatua ninayoitaka kuliko zote ni hii: iandikeni seva kuwa mwanachama wa likelemba, mchango wenu wa zamu. Mtunza hazina atapinga. Atasema seva haijawahi kuchanga hata franka moja, na ni kweli. Mjibuni kwamba ndiyo inayowakutanisha mama wa Ariwara, kijana wake aliye Kampala na shemeji aliye Ubelgiji kila jioni, na haijawahi kudai hata soda. Zamu yake iwe mara moja kwa mwaka, mwezi mmoja kabla ya jina kuisha, na pesa zisipitie mkono wa mtu mmoja. Siku hiyo hiyo mchagueni mtunza wa pili, mumfundishe kuwasha na kuzima, kama tunavyogawana kazi siku ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa.

Na kama seva tayari imepotea? Usilie kabla ya kujaribu laini zote mbili, ya Kongo na ya Uganda, maana huenda ni intaneti iliyozimwa. Intaneti ilizimwa Kongo nzima tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, ikarudi Januari. Na Januari 2021 mitandao ya Uganda nayo ikanyamaza kwa uchaguzi wao. Seva haikuwa na kosa lolote. Wakati mwingine mlango hufungwa kwa sheria: Juni 2018 jukwaa la mtandaoni la JamiiForums la Tanzania lilifungwa kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kanuni mpya za leseni. Ukishahakikisha kwamba ni seva yenyewe, mpigie mtunza. Usianze na lawama. Anza na kumwuliza kama ni mzima. Watu wengi huzima mashine kwa sababu ya ugonjwa, deni au matusi, na aibu huwafanya wasiseme.

Kabla hujalala leo, omba kumbukumbu yako. Kesho asubuhi mwulize mtunza wenu jina linaisha lini, na umtumie hata nauli ya motari.