Muulize Bibi wa Biryogo, Kigali

*Bibi, juzi jioni Nyabugogo niliweka kadi mlangoni mwa basi, mashine ikalia kile kilio cha aibu: salio halitoshi. Foleni nyuma yangu ikaguna. Kijana mmoja akanyoosha mkono akanilipia kwa kadi yake. Nikamwomba namba nimrudishie kwa MoMo, pesa ya simu. Tangu hapo kila asubuhi ananipigia kuuliza kama nimefika kazini salama. Je, nauli ya Nyabugogo hadi Kimironko ni posa?*
— Salio Sifuri, Kimironko

Mjukuu wangu, kosa la kiufundi ulilifanya kwenye kutuma. Ukituma MoMo, mtu anapata hela, namba na jina lako kamili kwa mpigo mmoja. Enzi zetu kijana alihitaji miezi mitatu na shangazi mjanja kuyapata hayo.

Wewe ni mdogo, humkumbuki konvwayeri, kondakta wa basi. Kabla kadi za nauli za Tap&Go hazijaenea, miaka ya 2015 na 2016, mlangoni alisimama mtu wa nyama na damu, noti amezikunja katikati ya vidole. Ukimpa faranga mia tano alisema chenji utapata ukishuka. Ukishuka yeye kageuza shingo anaita abiria wa Remera. Simlilii hata kidogo. Ila konvwayeri huyohuyo, mama akipungukiwa faranga hamsini, na mtoto mgongoni, alimtazama, akasonya, akasema: "Haya, panda." Mashine haiibi chenji, wala haisonyi, wala haisemi panda. Msamaha uliokuwa wake sasa umeachwa mikononi mwa abiria, na wengine, kama ulivyoona, ni wazuri wa sura.

Kwa hiyo usimlaumu kijana, alifanya kazi ya konvwayeri bila mshahara. Ila jihadhari na nauli ya umbali, ile ya kugusisha ukipanda na kugusisha tena ukishuka, iliyoanza kujaribiwa 2024 kwenye baadhi ya njia. Ikifika njia yako, atakayekulipia itabidi ashuke kituo chako. Jaza kadi. Au usijaze, kutegemea na meno yake yakoje.

*Bibi, nimeacha pikipiki ya petroli nimechukua ya umeme. Zamani mke wangu aliusikia mlio tangu bondeni, nikifika nyumbani chai iko mezani. Sasa naingia kimya, anashtuka, anasema namvizia. Chai hakuna.*
— Motari, Gikondo

Nyie wamotari hamridhiki. Januari 2022 mligoma kwa sababu ya mita za nauli, leo mnalilia kelele. Tangu 2025 pikipiki mpya ya abiria haisajiliwi Kigali isipokuwa ya umeme, kwa hiyo utazoea wewe na atazoea yeye. Ukisimama kubadilisha betri, mpigie simu. Na kama anasema unamvizia, mimi ningeuliza kwa upole anaficha nini, halafu ningejipikia chai mwenyewe.

*Bibi, salaam alaikum. Mimi ni mgane wa miaka sita. Nilikwenda kwa kijana wa Irembo, tovuti ya huduma za serikali, kuomba cheti cha kuthibitisha ugane wangu, kwa jambo langu binafsi. Simu yangu ilikuwa imezima, nikatoa namba ya mkwe wangu. Ujumbe umeingia kwake familia ikiwa mezani. Sasa binti zangu wote wanne wamenuna.*
— Mzee wa Nyamirambo

Waalaikum salaam, mzee mwenzangu. Zamani karatasi kama hiyo ulikwenda ofisini ukapoteza siku nzima, lakini karani alikuambia wewe peke yako, tena kwa sauti ya chini. Tangu Irembo ianze mwaka 2015 siku nzima imeokoka, shukrani, na siri imebaki mikononi mwa yeyote mwenye ile namba ya simu. Kompyuta haijui mkwe ni nani. Kwake mkwe ni tarakimu kumi.

Nenda leo na simu yako, iwe imechajiwa, ubadilishe namba. Neno la siri uliweke wewe, usimwachie kijana akuwekee jina la timu yake ya mpira. Binti zako watanuna wiki mbili, kisha wataanza kuuliza kuhusu sare za harusi.

Na huyo mwanamke, ni wa mtaa upi? Nauliza kwa ajili ya safu tu.