Panya wa Mguuni

Maneno mawili ya Kiingereza yasiyojuana hata kwa salamu, "boycott" na "muscle", yalikutana kwenye ngazi za nyumba niliyopanga.

La kwanza lililetwa na kodi. Msimamizi wa nyumba aliipandisha, nasi wapangaji tukaafikiana kumsusia: asisalimiwe, asiazimwe hata kiberiti, na mama chapati wa getini asimuuzie. Jirani mmoja, mwalimu mstaafu, akatutia ari kwa historia. Kapteni Charles Boycott, alisema, naye alikuwa msimamizi, akimkusanyia Lord Erne kodi za mashamba huko Mayo, Ireland. Mwaka 1880 mavuno yalikuwa mabaya, wakulima wakaomba wapunguziwe, wakapunguziwa kiduchu. Basi vibarua wakayaacha mazao yake shambani, na wenye maduka wakakataa kumuuzia. Ilibidi waletwe watu 50 hivi kutoka kaskazini kumvunia, wakilindwa na askari wapatao 1,000. Viazi vile viligharimu kuliko harusi! Inasemekana ni padri John O'Malley aliyependekeza jina la Kapteni ligeuzwe kitenzi, maana neno "ostracise" lingewashinda wanakijiji. Mwaka haujaisha, mwenye jina kashahama.

Tulipiga makofi. Mwalimu hakutuambia kwamba Kapteni hakuwa na ufunguo wa pampu ya maji. Wetu anao.

Ndoo zikaanza kupanda ghorofani. Usiku, ngazi za ghorofa ya tatu, shavu la mguu likanikaza, ndoo ikanitoka ikashuka ngazi peke yake, nami nikapiga yowe. Sisi Waswahili tumeona shavu pale; Warumi wa kale waliona panya. "Muscle" inatokana na "musculus", yaani kipanya, kwa jinsi msuli unavyochezacheza chini ya ngozi. Nilikuwa nikidhani ni utani wa wasomi. Usiku ule nilimsikia kabisa: kaingia, kang'ata, hataki kutoka.

Wa kwanza kufika alikuwa msimamizi. Akaketi kwenye maji yaliyomwagika, akavishika vidole vya mguu wangu, akavivuta kuelekea gotini, huku mkono wa pili ukisugua taratibu mpaka panya akatulia.

"Pole sana, kaka."

"Ahsante, kaka. Mungu akubariki."

Milango mitatu ilikuwa wazi, na mmoja ulikuwa wa mwalimu.

Asubuhi nikafika getini. Mama chapati akafunika hotipoti iliyojaa hadi juu, akatazama barabarani.

"Zimeisha, baba."