Wanja wa Bampa

Bwana mkubwa, plastiki nyeusi za gari lako zilipauka kwa jua hadi zikawa kijivu, nawe ukazipulizia rangi ya kung'aa palepale kando ya barabara, bila msasa wala praima. Hongera! Bampa linameremeta, injini inakohoa. Ila plastiki hizo nyingi ni polipropilini, na rangi haizishiki bila praima yake maalumu. Ndiyo maana kona imeshaanza kutoka magamba, na karibu na taa kimeganda kipande cha gazeti la kuzibia. Jirani yako anayepaka bampa lake dawa ya viatu kila Jumamosi walau anajua mvua itaiosha. Na bima yako iliyokwisha, umeipulizia pia?