Albamu Sita za Jazz na Hukumu ya Ploti

Soweto West, Kibera, hakuna anayesikiliza albamu peke yake. Chumba ni futi 10 kwa 10, ukuta ni mabati, na spika haijui mpaka. Ukiweka jazz, ploti nzima inasikia, na ploti nzima ina maoni. Majirani wamezipanga hivi, kuanzia ya mkiani.

6. Miles Davis, Kind of Blue (1959)
Wajuzi wa dunia wanaiita kilele cha jazz. Hapa haikumaliza wimbo wa pili kabla mama wa chumba jirani hajagonga kuuliza matanga ni ya nani na mchango ni pesa ngapi. Nikamwambia hakuna aliyefariki. "Basi huyo wa tarumbeta apewe chai."

5. Herbie Hancock, Mwandishi (1971)
Wanabendi walijipa majina ya Kiswahili: Hancock ni Mwandishi, Buster Williams wa besi ni Mchezaji, Billy Hart wa ngoma ni Jabali. Eddie Henderson wa tarumbeta ni Mganga, na kweli alisomea udaktari. Kijana wa bodaboda: "Anarudisha mpenzi aliyepotea?" Mama mlokole aliposikia kwamba mpiga tromboni anaitwa Pepo Mtoto, akaanza kukemea. Albamu haikuisha.

4. Randy Weston, Uhuru Afrika
Ilirekodiwa New York mwaka 1960, maneno ya mshairi Langston Hughes, na Tuntemeke Sanga wa Tanganyika akiyasoma kwa Kiswahili. Makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku. Mzee wa duka alitega sikio, akatoa hukumu: "Kiswahili kimenyooka hivyo? Huyo si wa Nairobi."

3. Mulatu Astatke, Mulatu of Ethiopia (1972)
Fundi wa simu alinyamaza muda mrefu, kisha: "Sasa sinema yenyewe inaanza saa ngapi?" Msimcheke. Mwongozaji wa filamu Jim Jarmusch naye alisikia hivyo hivyo, akazitia nyimbo za Mulatu kwenye Broken Flowers (2005).

2. Abdullah Ibrahim, Mannenberg (1974)
Soweto yetu imeazima jina Johannesburg. Albamu hii ni ya Cape Town, na jina lake ni la mtaa walikotupwa watu waliofukuzwa makwao na ubaguzi. Kibera, bomoabomoa haihitaji mkalimani. Kinanda kinazunguka palepale, saksafoni ya Basil Coetzee inapanda juu yake, dakika zaidi ya 13, na hakuna aliyegonga ukuta. Dada wa kusuka nywele: "Hiyo iache. Mteja ametulia."

1. D.O. Misiani na Shirati, Benga Blast! (1989)
Najua, najua. Nilipinga: "Jamani, hii ni benga!" Ukuta wa kushoto ukauliza, "Bendi inaitwaje?" Shirati Jazz. "Kesi imeisha." Na ana hoja: Tabora Jazz, Morogoro Jazz, Victoria Jazz, zote zilijiita hivyo bila kuomba kibali New Orleans. Misiani alizaliwa Shirati, Tanzania, akavumia Kenya. Wao walimzaa, sisi tukamlisha omena. Magitaa yake yanakimbizana kama nyuzi za nyatiti, na siku hiyo hata mlokole alionekana akitikisa bega, eti anapepeta mchele. Saa nne usiku nikapunguza sauti. Ukuta wa kulia: "Nani amekuruhusu?"