Utauzisha Nini? Mwongozo kwa Anayeanza Saikolojia ya Jamii Kimemi

Umepata nafasi chuoni, minervali ya kwanza, yaani ada ya masomo, imelipwa, na mbele ya jina lako wameandika: saikolojia ya jamii. Hongera sana. Sasa fuata hatua hizi tano kwa mpangilio. Ukiruka ya kwanza, hutatoka hata kwenye ua wa nyumbani.

Hatua ya 1: Mjibu mjomba

Butembo, mji wenye komini yetu ya Kimemi, ni mji wa wafanyabiashara. Watu wetu wameuza kahawa na papaini, wamefuata bidhaa hadi Dubai na Guangzhou, wamerudi wakajenga maghorofa. Kwa hiyo Jumapili, bugali na sombe vikiwa mezani, mjomba atakuuliza: «Sasa ukimaliza, utauzisha nini?»

Usimtajie maprofesa. Usimwambie unasoma mawazo ya watu, maana atakutaka useme anawaza nini muda huu, na meza nzima itasubiri jibu. Muulize: «Mjomba, mtu akikuomba mzigo wa dola elfu moja, alipe mwezi ujao, unaangalia nini kabla ya kumpa?» Hapo chakula kitapoa. Atakueleza juu ya ukoo wa mtu, kanisa lake, nani alimleta dukani, deni la mwaka juzi lilivyolipwa, hata namna anavyosalimia wafanyakazi. Andika yote. Umepata mhadhara wa kwanza kuhusu imani: inavyojengwa kati ya watu, na inavyobomoka. Mjomba analijua jambo hilo kwa maisha yake. Wewe unakwenda kujifunza kulipima.

Hatua ya 2: Amka mapema siku ya «ville morte»

Darasani utakutana na Solomon Asch. Mwaka 1951 alieleza jaribio lake: mtu anaonyeshwa mistari na kuulizwa upi unalingana na upi. Jibu liko wazi kwa mwenye macho. Lakini wenzake chumbani, waliopangwa kwa siri, wanataja jibu la uongo mmoja baada ya mwingine. Karibu theluthi moja ya majibu ya waliojaribiwa ilifuata uongo wa kundi.

Usikariri tu kwa ajili ya mtihani. Mji ukitangaziwa «ville morte», yaani siku ya kufunga shughuli zote kwa kupinga jambo, simama asubuhi penye usalama utazame milango ya maduka. Wako waliofunga kwa moyo wote, kwa sababu wanawalilia waliouawa na wanataka serikali isikie. Yuko aliyefunga kwa kuogopa mawe. Yuko aliyefunga kwa kuwa jirani amefunga, na jirani naye anamtazama yeye. Kwa nje milango yote inafanana, ila nyuma ya kila kufuli kuna sababu yake. Kisha mngoje yule wa kwanza atakayeinua mlango nusu. Asch aliona kwamba mtu akipata mwenzake mmoja tu anayesema kweli, nguvu ya kundi hushuka sana. Hesabu ni dakika ngapi zinapita kabla ya mlango wa pili kufunguka.

Hatua ya 3: Futa neno «ujinga» katika daftari lako

Hatua hii usiipite haraka. Ebola ilitangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, ikaanzia upande wa Mangina, ikafika Beni, Butembo na Katwa. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imeua watu 2,287. Katika miezi ile, wageni wengi walituandika kuwa watu wasiosikia.

Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 katika Beni na Butembo. Karibu theluthi moja tu ndio waliosema viongozi wa mahali pao wanatetea masilahi yao. Mmoja kati ya wanne hakuamini kwamba Ebola ipo. Na wale wasio na imani na viongozi ndio waliokuwa wagumu zaidi kukubali chanjo. Soma takwimu hizo ukiwa na kalenda mkononi. Raia wa Beni walianza kuchinjwa Oktoba 2014. Kwa miaka minne walilia wakiomba ulinzi. Ilipokuja Ebola, walipata misafara ya magari. Tarehe 26 Desemba 2018, tume ya uchaguzi iliahirisha kura ya Beni na Butembo hadi Machi, ikitaja ugonjwa na ukosefu wa usalama, na rais akachaguliwa bila sisi. Tarehe 30, vijana wa Beni walijipangia foleni, wakanawa mikono na kupiga kura yao wenyewe, ijapokuwa haikuhesabiwa. Mwenye kuwaita watu hao wajinga hajaanza masomo.

Tazama pia kilichorudisha imani. Huko Beni kulitumika vyumba vya matibabu vyenye kuta za plastiki angavu, familia ikamwona mgonjwa wake kwa macho. Waliopona walilea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Huyo aliyepona alikuwa ushahidi unaotembea, tena anaongea Kinande.

Hatua ya 4: Weka karatasi chini kwanza

Utapewa maswali ya Kifaransa na kuambiwa uyapeleke sokoni. Usifike kwa mama muuza lenga-lenga ukiwa na kalamu tayari mkononi. Wakati wa Ebola, mtu mwenye orodha ya majina alitisha kuliko askari. Msalimie, uliza habari za watoto, nunua fungu moja. Geuza swali lako katika Kiswahili cha hapa, kisha katika Kinande, halafu mpe mwenzako alirudishe katika Kifaransa uone kama bado ni lile lile. Na mama akijibu «ndiyo» kwa kila swali, ujue anakuonea huruma. Funga daftari, kaa, msaidie kufunga mafungu. Majibu ya kweli yatakuja wakati huo.

Usimfanyie jirani jaribio kwa siri. Mwaka 1963 Stanley Milgram alichapisha matokeo yake: watu 26 kati ya 40 walitii amri hadi mwisho, wakidhani wanampiga mwenzao umeme. Tumejifunza mengi kwake, hata kwamba aliyejaribiwa anaweza kurudi nyumbani na jeraha. Mji wetu umejeruhiwa vya kutosha. Omba ruhusa, na akikataa, mshukuru.

Hatua ya 5: Rudi sokoni

TFC, yaani kazi yako ya mwisho wa masomo, ikishatetewa, watu watapiga makofi, mtapiga picha, na nakala itawekwa kwenye rafu ya chuo. Watafiti wengi wamepita hapa wakachukua maneno yetu, nasi hatukuona kurasa zao. Wewe unakaa hapa. Chukua karatasi moja, andika kwa Kiswahili rahisi ulichokipata, umpelekee yule mama, umsomee. Akikwambia «hapa hukuelewa», sahihisha mbele yake.

Kisha Jumapili mpelekee mjomba nakala. Atauliza tena swali lake. Mwambie imani haiuzishwi, lakini bila hiyo hata yeye asingeuza kitu. Na sasa yuko mtu Kimemi aliyesomea kuitunza.