Yah: Ombi la Kurekebisha Maandishi ya Sanamu

Kwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola,

Mada tajwa hapo juu yahusika.

Miaka ya 1920 zilisimamishwa sanamu za askari wa Vita Kuu ya Kwanza huko Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ya Nairobi ina mpagazi pia. Maneno yake aliyatunga Rudyard Kipling, mshauri wenu wa maandishi: aliwaahidi wafao vitani kwamba wana wao watalikumbuka jina lao. Kazi hiyo tumeipokea sisi vitukuu, nayo inaenda vizuri, isipokuwa majina hatuna.

Mtoto wa Kipling mwenyewe, John, alipotea vitani huko Loos mwaka 1915. Baba yake alimtafuta, akafa bila kumwona. Nyinyi hamkuchoka: mwaka 1992 kaburi la luteni asiyejulikana mkaliandika jina lake. Miaka 77 kwa kijana mmoja! Hongereni, na hatusemi kwa kinyongo (kinyongo kidogo tu).

Sasa tuje kwa wapagazi wetu. Machifu waliagizwa watoe watu, watu wakatolewa. Walibeba risasi na unga kuvuka mabonde ya Rufiji, wakala mahindi yasiyoiva, wakafa zaidi kwa kuhara damu na malaria kuliko kwa bunduki za Wajerumani. Makambi yao yalituachia Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, kwa hiyo mtu akitaka kumzuru babu, anaweza pia kununua nyanya.

Mwaka 1923 Gavana Guggisberg wa Gold Coast aliona mwenyeji wa kawaida hawezi kuelewa jiwe la kaburi. Tukubali. Bibi zetu walielewa matanga, arobaini, na kumrithisha mtoto jina la marehemu. Ila matanga huanza kwa taarifa ya msiba, na taarifa haikufika. Wengine walimsubiri mume aliyekwisha kuzikwa porini, kama alizikwa.

Mwaka 2021 mlikiri wenyewe, mkaomba radhi: watu wasiopungua 116,000, labda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili ni watu 234,000. Mwenye duka Kariakoo akikosea hesabu ya magunia kiasi hicho, halali usiku.

Hivyo tunaomba mojawapo. Ama mtafute orodha zote za mishahara na za wagonjwa zilizobaki, mzilete wilayani zisomwe kwa sauti, koo zisikilize. Tahajia za makarani tutazinyoosha wenyewe. Ama, ikiwa gharama ni kubwa, atumwe fundi mmoja na patasi, chini ya ahadi ile aongeze: “Vigezo na masharti kuzingatiwa.”

Wenu katika kukumbuka,
Vitukuu wa Wapagazi

Nakala: Hazina, London — kuhusu mishahara ya marehemu.