Namna ya Kuchakachua Safari ya Dar hadi Tukuyu Ukiwa na Mtoto wa Miaka Miwili

Mzazi mwenzangu, tukubaliane kwanza: mtoto wa miaka miwili hawezi kukaa kwa adabu kwenye gari karibu kilomita 900. Hana sababu ya kufanya hivyo. Hajui Tukuyu iko wapi, hajui Krismasi ni lini, na bibi anayemsubiri anamjua kwa sauti ya simu tu. Acha kuhangaika kumgeuza awe msafiri mzuri. Kazi yako ni kuichakachua safari yenyewe ili mfike salama na mkiwa bado mnapendana. Twende kituo kwa kituo.

Wiki moja kabla

Danganya siku ya kufika. Kama mnapanga kuingia Jumamosi, mwambie bibi Jumapili. Mkitokea Jumamosi mmewahi, mkitokea Jumapili mmetimiza ahadi. Bibi hatashinda barazani na simu mkononi, na baba hatapata sababu ya kukanyaga mafuta gizani. Hii ya pili ndiyo inayonigusa zaidi. Baba wengi wa familia wanaoovateki kwenye kona ya Iyovi wanakimbizana na ahadi waliyotoa kwa simu wakiwa wamekaa kwenye kochi.

Halafu mwibie mtoto vitu vyake. Vile alivyovichoka, viweke juu ya kabati asivione wiki nzima. Njiani vitatoka kimoja kimoja, na kila kimoja atakipokea kama kipya. Ongeza kopo tupu la maziwa ya unga. Toboa kifuniko chake tundu la mstatili, kisha mpe vibanio vya nguo vikubwa. Atachukua kibanio, akigeuze, akijaribu kwa ubavu kikatae, akigeuze tena, kiingie, kigonge chini ya kopo: ko! Atakutazama kuona kama umesikia. Sema umesikia. Vikiisha, fungua kopo umwagie mapajani aanze upya. Nimewaona watoto wakimalizia Morogoro yote kwa kazi hiyo, wala hakuna aliyelipia duka la midoli.

Saa kumi alfajiri

Mnyanyue kitandani akiwa amelala. Usimwogeshe, usimvalishe nguo mpya, usimwamshe aage majirani. Nguo nzuri zina zamu yake mbele ya safari. Ukitoka saa hiyo unaiwahi foleni ya Kimara na Kibaha, na yeye anakusaidia kwa kulala.

Kama ameacha pampasi mwezi uliopita, leo mrudishe. Najua ulishawatangazia mashoga zako kwamba ameacha. Hawatakuwepo Chalinze. Hata hivyo beba poti, na ndani yake tandika mfuko wa plastiki wenye pampasi moja iliyofunguliwa. Mkisimama kuchimba dawa, pampasi inanyonya, unafunga mfuko, mnaendelea. Hakuna kumwaga wala kutafuta maji ya kusuuzia.

Hapa sasa nisikilize vizuri, maana ni jambo moja tu lisilochakachuliwa: kiti cha mtoto. Kila mkato nitakaokupa kwenye safari hii una maana kama mtoto amefungwa. Atatokea shangazi atakayesema, "Mpakate tu, huko analia." Mpende shangazi, lakini usimsikilize. Gari likigonga kitu kwa kasi ya kawaida tu ya barabara kuu, hakuna mikono ya mama inayoweza kumshika mtoto wa kilo 12. Kiti kilichofungwa sawasawa hupunguza vifo vya watoto wadogo kwa zaidi ya nusu. Kifunge siti ya nyuma. Kati ya mkanda na kifua chake kipite kidole kimoja. Kama unanunua cha mtumba, kivute mikanda yote, angalia nyufa, na ukiambiwa kimewahi kuwa kwenye ajali kiache hapohapo. Mtoto akilia, alie akiwa amefungwa. Analia akiwa mzima.

Na kuna mkato mwingine ambao hapo sikufuati: kijiko cha piritoni ili alale. Dawa ya mafua si dawa ya usingizi, na baadhi ya dawa za aina hiyo zinaweza kuvuruga upumuaji wa mtoto mdogo. Iache kabatini.

Chalinze

Ameamka. Dirishani kuna wauza korosho, karanga na mayai ya kuchemsha. Yeye mpe yai, ndizi na kipande cha chapati. Korosho na karanga kula wewe, kwa siri, uso ukiwa umeelekea dirishani na mfuko ukiwa chini ya paja. Huu si uchoyo. Punje ngumu ya aina hiyo inaweza kumkwama mtoto mdogo kooni, tena ndani ya gari linaloruka matuta, na wewe uko mbele huwezi kumfikia. Ukigundulika, onyesha kopo la vibanio.

Mikumi

Hii ndiyo zawadi ya barabara yote, na watu wengi wanaipita wakiwa wamelala. Barabara kuu inakatiza katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Mpita njia halipi kiingilio. Ukipita asubuhi utaona swala, nyani na pundamilia, mara nyingi twiga, na ukibahatika tembo wakiwa karibu na lami. Kwa hiyo panga safari nzima izunguke hapa: mtoto awe macho, ameshiba, amebadilishwa. Kama amesinzia Morogoro, mwache asinzie Morogoro.

Vioo vifungwe, maana nyani hana aibu. Usishuke, na usirushe maganda. Mwendo uwe ule wa vibao vya hifadhi. Kuna faini kwa mnyama anayegongwa, lakini mimi nakuomba upunguze kwa ajili ya twiga mwenyewe, na kwa ajili ya aliyefungwa siti ya nyuma. Kisha piga picha, twiga aonekane na sikio la mtoto lionekane pembeni. Kuanzia leo, mbele ya ndugu, wewe ni mzazi uliyempeleka mwanao mbugani kabla hajatimiza miaka mitatu. Na ni kweli.

Ruaha Mbuyuni hadi Kitonga

Joto la bonde lile litamchosha. Mpe cheo. Mfundishe kwamba kila mara gari lenu likikaribia tuta au kibao cha 50, yeye ndiye anayepiga kelele, "Polepole!" Hatajua kusoma kibao, wewe mkonyeze. Atafanya kazi hiyo kwa ukali kuliko askari mwenye tochi, na baba atatii kwa sababu hakuna baba anayependa kukemewa na mtoto mbele ya mkewe mara ya pili. Vijiji vya huku vina watoto wengi wanaovuka kukimbilia wateja wa vitunguu. Nataka apunguze.

Kabla ya kupanda Kitonga, simama. Kila mtu achimbe dawa. Mlima ule ni kona juu ya kona, mawe upande mmoja na bonde upande wa pili, na malori ya Tunduma yanapanda kwa kujikokota. Moja likiharibika mnaweza kukaa saa nyingi bila pa kugeuzia. Kwa hiyo maji, biskuti na kanga moja kavu viwe mbele, visiwe kwenye buti. Kishikwambi kizime kabisa hapa, kwa maana mtoto anayeinamia picha kwenye kona hutapika haraka. Aangalie mbali, ahesabu malori. Kwake yote ni "mbili", mkubalie.

Akitapika, usipige kelele. Kanga inapokea, kanga inafutia, kanga inaingia kwenye mfuko. Mama zetu hawakuwa wajinga kubeba kanga tatu.

Iringa

Hapa shindwa. Shindwa kwa makusudi, mapema, saa kumi jioni jua likiwa bado juu. Mmetembea karibu kilomita 500. Panda mjini, tafuta nyumba ya wageni yenye maji ya moto, mwache mtoto akimbie uani mpaka achoke.

Najua shida iko wapi. Baba alishasema ofisini kwamba Dar hadi Tukuyu anaimaliza kwa siku moja. Usimvunjie heshima. Mpe maneno ya kutumia: "Ningefika, ila mtoto alichoka." Mtoto ni kisingizio bora kuliko vyote duniani. Hakuna anayekikagua, na kinamwondoa dereva aliyechoka barabarani usiku, saa ambayo lori lililozimika bila taa linaonekana ukiwa umeshalifikia. Kisingizio kinachookoa roho hakina dhambi.

Usiku ni baridi. Sweta liwe juu ya begi, si chini ya kitenge cha zawadi.

Makambako hadi Igawa

Mmepita Mafinga na misitu ya Sao Hill, amekula, na sasa lami imenyooka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, lilishauri mtoto wa miaka 2 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku. Saa hiyo itumie hapa. Katuni ziwe zimepakuliwa nyumbani, maana mtandao ukikatika porini mtalia wawili.

Akilala, sheria ni moja: gari halisimami. Nyanya za bei nzuri, mchele wa Chimala, kibofu cha baba, vyote vinasubiri.

Uyole

Simama kabla ya kukata kona ya Tukuyu. Sasa ndiyo zamu ya nguo nzuri. Mfute uso, mdomo na nyuma ya masikio, palipojificha yai la Chalinze. Mpake mafuta. Fagia makombo ya siti kwa mkono, biskuti iliyolowa kwenye kifungio cha mkanda itoe kwa ncha ya funguo. Na wewe mama jifunge kilemba kipya. Bibi anastahili kuona wageni, si manusura.

Bado kuna mkato wa mwisho, na nauamini kuliko yote. Tangu Igawa, kila unapompa kitu mtoto, usikiachie mpaka aseme "ndaga", asante ya Kinyakyusa. Herufi chache tu, ulimi wake unaziweza. Biskuti, ndaga. Maji, ndaga. Kibanio, ndaga.

Mkiingia uani, mshushe amshike bibi mkono. Bibi atasema mtoto amekonda. Usibishe, mwache amkimbilie ndizi. Mtoto ataipokea kwa mikono miwili na kusema neno lake. Wewe shusha begi la nguo peke yake, salimia wakubwa, uliza kitanda kiko wapi, ukalale. Bibi yuko kwa jirani anasimulia kwamba mjukuu wake wa Dar anajua Kinyakyusa, na hakuna atakayekumbuka kuuliza mlilala wapi jana.